Mdomo mtupu, mdomo wa bamba au honi: uchague upi kwa bomba la sauti, na uweke nini mbele yake

Anayetengeneza filimbi ya bomba la plastiki, anayetoboa tundu la besi kwenye kasha la spika na anayetaka kupunguza kelele za ekzosi wote hukutana na swali moja: bomba liishie vipi? Likatwe na kuachwa hivyo, litokeze kwenye bamba pana, au lipanuliwe taratibu mpaka liwe honi? Mabishano juu ya jambo hili huwa marefu kwa sababu watu huanza na umbo. Mimi naanza na namba moja. Chukua mzingo wa mdomo wa bomba, ugawanye kwa urefu wa wimbi la sauti unayoishughulikia. Huo nitauita uwiano wa mdomo. Ukiwa chini sana ya 1, sauti karibu yote inarudi ndani. Ukikaribia 1, sauti inaanza kutoka kwa wingi. Ukipita 3 au 4, inatoka karibu yote, na inaelekea mbele zaidi kuliko pembeni.

Uzuri wake ni kwamba namba hiyohiyo, ukiweka mzingo wa kitu badala ya mzingo wa mdomo, inakuambia pia kitu kilichosimama njiani kitaitawanya sauti kiasi gani. Kwa hiyo nitalinganisha yote mawili, mdomo kwanza.

Kwa nini sauti irudi na mdomo uko wazi?

Ndani ya bomba hewa imebanwa na kuta. Ikisukumwa haina pa kwenda ila mbele, ndiyo maana mgandamizo wake unadumu. Ikifika mdomoni kuta zinaisha ghafla, na hewa inapata nafasi ya kukimbilia kila upande. Mgandamizo unaporomoka karibu na sifuri, na mporomoko huo wenyewe unazaa wimbi jipya linalorudi ndani likiwa limepinduka: palipokuwa na msongamano wa hewa sasa pana upungufu.

Tuchukue bomba la mita 1 lenye nusu kipenyo cha sentimita 2.5, wazi pande zote mbili, kwenye hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi ambako sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Mlio wake wa chini kabisa ni hezi 166 hivi, yaani mitetemo 166 kwa sekunde; idadi hiyo ya mitetemo ndiyo nitakayoiita masafa. Urefu wa wimbi ni mita 2.06, mzingo wa mdomo ni sentimita 15.7, na uwiano unakuwa 0.076. Kwa mdomo mtupu katika masafa ya chini, sehemu ya nishati inayotoka kila wimbi linapofika mdomoni ni takribani mraba wa uwiano. Hapa ni asilimia 0.6. Iliyobaki inarudi.

Anayetaka filimbi asihuzunike. Bila urudishaji huo hakuna wimbi la kusimama (linalotokea wimbi linalokwenda na linalorudi yanapokutana) ndani ya bomba, na bila wimbi la kusimama hakuna noti. Katika bomba jembamba kama hili, nishati inayopotea kwenye kuta kwa msuguano na joto ni mara kadhaa ya ile inayotoka nje, na bado filimbi inasikika chumba kizima. Sikio halihitaji nishati nyingi.

Mdomo mtupu dhidi ya mdomo wa bamba

Tofauti ya kwanza ni ya noti. Wimbi haligeuki pale bomba linapoishia. Linajitokeza kidogo nje kabla ya kugeuka, kwa hiyo bomba lina tabia ya bomba refu kuliko lilivyo. Kwa mdomo mtupu wenye ukuta mwembamba, nyongeza ni 0.6133 ya nusu kipenyo kwa kila ncha. Kwa mdomo uliotokeza kwenye bamba pana, ni takribani 0.82. Bomba lenye ukuta mnene linaangukia katikati ya hizo mbili.

Hiyo 0.6133 ina historia ninayoiheshimu sana. Mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha nadharia ya mabomba yenye ncha wazi mwaka 1860, na Mwingereza Lord Rayleigh akaiendeleza, lakini jibu kamili la mdomo mtupu lilipatikana mwaka 1948 tu, mikononi mwa Harold Levine na Julian Schwinger, huyo Schwinger aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965 kwa kazi nyingine kabisa. Bomba lililokatwa tu, umbo rahisi kuliko yote kwa mwenye msumeno, lilikuwa gumu kuliko lenye bamba kwa mwenye kalamu. Sababu ni kwamba bamba linaifungia sauti upande wa mbele, ilhali kwa mdomo mtupu sauti inazunguka ukingo na kurudi nyuma kando ya bomba lenyewe.

Je, nyongeza hiyo ni kubwa kiasi cha kujali? Ukiipuuza katika bomba letu la mita 1 utatarajia hezi 171.5 na kupata 166. Pengo hilo ni nusu ya nusu toni, na mwenye sikio la muziki atalisikia mara moja. Ukiweka bamba pana ncha zote mbili, mlio unashuka tena hadi hezi 165 hivi. Kwa hiyo ukibadilisha aina ya mdomo baada ya kukata bomba, tegemea kulikata tena.

Kwenye tundu la besi la spika makosa yanauma zaidi, maana bomba ni fupi. Tuseme lina urefu wa sentimita 12 na nusu kipenyo cha sentimita 3.5. Ncha ya nje imo kwenye uso wa kasha, nayo ni ya bamba. Ncha ya ndani inaning'inia, nayo ni mtupu. Nyongeza zote mbili kwa pamoja ni 1.43 ya nusu kipenyo, yaani sentimita 5. Bomba lako la 12 linafanya kazi ya bomba la 17. Masafa ya kasha yanafuata kinyume cha kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha urefu, hivyo yatashuka kwa karibu asilimia 16 kutoka ulipopiga hesabu. Hapa huna hiari ya kuchagua, kasha lenyewe limeshachagua. Kazi yako ni kuhesabu kila ncha kwa aina yake. Na uviringishe kingo za ncha zote mbili, kwa sababu hewa inayopita kwa kasi kwenye ukingo mkali inajikunja vizingazinga na kutoa mfoko unaosikika juu ya besi.

Tofauti ya pili ni ya sauti inayotoka. Kwa masafa ya chini, bamba pana linaongeza nishati inayotoka mara mbili, kwa kuwa sauti inasukuma nusu ya anga badala ya anga nzima. Katika mfano wetu, asilimia 0.6 inakuwa 1.2. Mara mbili ni neno kubwa, lakini kwa sikio ni desibeli 3, tofauti ya kawaida tu. Tena bamba lazima liwe pana la kulingana na urefu wa wimbi ndipo faida hiyo ipatikane yote. Kwa hezi 166 hilo ni bamba la mita mbili. Nyongeza ya urefu haina masharti hayo: inakaribia thamani yake kamili hata bamba likiwa mara chache tu ya upana wa mdomo, kwa kuwa inatokana na hewa iliyo jirani kabisa na mdomo. Ndiyo maana kibamba kidogo kinakuharibia noti bila kukupa sauti ya maana. Sikishauri kwa yeyote anayetafuta ukubwa wa sauti.

Bamba lichague kwa sababu nyingine mbili: kuzuia sauti isipite nyuma, au kwa kuwa bomba linapenya ukuta na huna namna.

Na honi?

Honi inafanya kitu ambacho bamba haliwezi. Badala ya kuta kuisha ghafla, zinafunguka kidogo kidogo, na wimbi linaizoea nafasi kubwa kabla halijafika mwisho. Uwiano unaoamua sasa ni wa mdomo mpana wa honi, si wa koo jembamba la bomba. Hapo ndipo asilimia moja inapoweza kuwa makumi.

Gharama yake ni ukubwa. Katika honi ambayo eneo lake hukua kwa kiwango kilekile kila hatua, kuna masafa ambayo chini yake sauti haipiti vizuri: zidisha kiwango cha ukuaji kwa kasi ya sauti, kisha gawanya kwa 4π. Mdomo nao unatakiwa kuwa na mzingo wa wimbi zima la masafa hayo, yaani uwiano wa 1. Nimepiga hesabu kwa koo lenye nusu kipenyo cha sentimita 2.5, kama bomba letu. Ukitaka kushuka hadi hezi 200, mdomo uwe na nusu kipenyo cha sentimita 27 na honi iwe na urefu wa sentimita 65. Ukitaka hezi 100, nusu kipenyo ni sentimita 55 na urefu ni kama mita 1.7. Oktavu moja ya besi (masafa kushuka kwa nusu) inakudai mdomo mpana mara mbili na urefu wa zaidi ya mara mbili na nusu. Wanaoahidi honi ndogo yenye besi nzito hawajapiga hesabu hii.

Tarumbeta imelitatua suala kwa namna inayonistaajabisha kila ninapoifikiria. Mdomo wake hautaki kuachia kila kitu. Sauti za chini zinageuzwa mapema, zikiwa bado ndani kwenye mpanuko, na huko ndiko noti inakotengenezwa. Za juu zinasonga mbele zaidi kabla ya kugeuka. Na kuanzia karibu hezi 1500 zinatoka moja kwa moja na kuipa sauti ule ukali wake. Mpanuko mmoja unafanya kazi ya bomba na kazi ya honi kwa wakati mmoja.

Kwa macho ya haraka, kwa masafa ya chini:

| | Mdomo mtupu | Mdomo wa bamba | Honi |
|---|---|---|---|
| Nyongeza ya urefu kwa ncha | 0.61 ya nusu kipenyo | 0.82 ya nusu kipenyo | hubadilika kwa masafa |
| Nishati inayotoka | mraba wa uwiano | mara mbili ya hiyo | nyingi, juu ya kikomo chake |
| Mwelekeo | kila upande | mbele tu | mbele, na hubana kadiri masafa yanavyopanda |
| Nafasi inayotakiwa | ndogo kabisa | pana | pana na ndefu |

Kwa filimbi, mtupu. Kwa kupaza sauti ya mtu au kengele ya tahadhari, honi, bila kusita. Kwa ekzosi, ambako unataka sauti isitoke, mdomo mtupu tena, na mwembamba kadiri injini itakavyovumilia: ukipunguza nusu kipenyo kwa nusu, sehemu ya nishati inayotoka katika masafa ya chini inakuwa robo. Ila usitumie mita 343 kwa hesabu ya ekzosi. Gesi ya nyuzi 400 hubeba sauti kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, na mawimbi yote yanarefuka kwa kiasi hicho. Mkondo wa gesi nao una mambo yake. Unapotoka kwa kasi hubadilisha kiasi cha sauti kinachorudi, na hutengeneza kelele zake nje ya bomba. Kupunguza mdomo kupita kiasi kunaongeza kasi hiyo.

Kitu mbele ya sauti: kidogo au kikubwa, kigumu au chenye kunepa

Sauti ikishatoka, inakutana na vitu. Hapa uwiano unageuka kuwa mzingo wa kitu kwa urefu wa wimbi, na athari zake ni kali kuliko za mdomoni.

Tufe gumu, dogo kuliko wimbi, hutawanya sauti kwa kipeo cha nne cha uwiano. Tufe la nusu kipenyo cha sentimita 5 kwa hezi 100 lina uwiano wa 0.09. Linatawanya kiasi cha sauti kinachopita kwenye sehemu moja kati ya 18,000 ya eneo lake la mbele. Kwa sauti hiyo ni kana kwamba halipo. Lipigie hezi 5,000: uwiano ni 4.6, na sasa lina kivuli cha kweli nyuma yake. Kichwa cha binadamu kinavuka uwiano wa 1 karibu na hezi 620, na ndiyo sababu kinalikinga sikio la upande wa pili dhidi ya sauti za juu, huku za chini zikilizunguka kwa urahisi.

Kipeo hicho cha nne kinaeleza jambo ambalo Rayleigh alilitafakari: mwangwi kutoka kwenye miti unaweza kusikika ukiwa oktavu moja juu ya sauti iliyotumwa. Sauti ya binadamu ina oktavu yake ndani tayari. Kitu kidogo kinapotawanya, oktavu inarudishwa kwa nguvu mara 16 ya noti ya msingi. Kwa kitu kirefu cha mviringo kama shina au nguzo, kipeo ni cha tatu na nguvu ni mara 8. Sauti haikubadilika, imechujwa.

Mwelekeo nao unashangaza. Tufe dogo gumu linarudisha sauti nyuma, kwa aliyeituma, mara 25 ya inayoendelea mbele. Kitu kikubwa kinafanya kinyume: sehemu kubwa ya mtawanyiko wake inakwenda mbele, na huko ndiko inakofuta wimbi la asili na kutengeneza kivuli.

Ugumu nao una uzito. Kiputo cha hewa majini chenye nusu kipenyo cha milimita 1 kina masafa yake ya asili karibu na hezi 3,260, kama Marcel Minnaert alivyoonyesha mwaka 1933. Wimbi la masafa hayo majini lina karibu sentimita 45, yaani mara 450 ya nusu kipenyo chake. Kwa kanuni ya tufe gumu kiputo hicho kingekuwa si kitu, lakini hutawanya sauti kwa nguvu kubwa mno kwa kuwa hewa iliyomo inanepa na kuvuma. Kwa hiyo kanuni ya uwiano mdogo ni ya vitu vigumu. Kitu chenye masafa yake ya asili kihesabiwe peke yake.

Kuzuia, kutawanya au kufyonza

Sasa uchaguzi wa vitendo. Una sauti isiyotakiwa au chumba chenye mwangwi mkali, uweke nini?

Safu za nguzo zinafaa pale unapotaka kuzuia masafa mahususi huku hewa na mwanga vikipita. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania walipima sanamu ya msanii Eusebio Sempere iliyoko Madrid, yenye mabomba ya chuma ya kipenyo cha sentimita 2.9 yaliyopangwa sentimita 10 kwa 10, na wakakuta sauti ya hezi 1,670 ikipungua waziwazi. Hesabu ya nusu wimbi sawa na sentimita 10 inatoa hezi 1,715, karibu na hapohapo. Kila bomba peke yake linatawanya kidogo. Mpangilio ndio unaofanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba kwa masafa yaliyo mbali na hayo safu haizuii cha maana, na kwa besi nguzo zinatakiwa kukaa mbalimbali mno.

Kitawanyishi cha aina aliyoibuni mwanafizikia Manfred Schroeder miaka ya 1970 ni cha chumba cha muziki. Ni safu ya visima vya vina tofauti, mathalani kwa mfuatano wa 0, 1, 4, 2, 2, 4, 1. Kila kisima ni bomba lililozibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Wimbi linaingia, linagonga kitako, linatoka likiwa limechelewa kwa kadiri ya kina. Ucheleweshaji usiolingana ndio unaosambaza sauti pande nyingi. Kwa kuanzia hezi 500, kisima cha ndani kabisa kina karibu sentimita 20, na kwa upana wa sentimita 5 kitawanyishi kinafaa hadi hezi 3,400 hivi.

Sponji nene au pamba ya kioo inafyonza, na inafanya hivyo vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Sentimita 10 ni robo wimbi kwa hezi 860. Kwa chumba kidogo cha kurekodia maneno, mimi ningeweka pesa yote hapa. Kitawanyishi kinahitaji umbali wa kutosha kabla msikilizaji hajafika, la sivyo anakaa mbele ya visima na kukisikia kisima kimoja kimoja. Chumba kikubwa cha muziki kina umbali huo, na huko kufyonza kupita kiasi kunaua uhai wa sauti.

Kitu kikiwa karibu na mdomo

Kuna hali moja ambapo hesabu mbili hizi haziwezi kutenganishwa: kitu kinapokuwa jirani kabisa na mdomo wa bomba. Hapo hakitawanyi tu kilichokwisha kutoka, kinabadilisha kinachotoka. Sogeza kiganja kwenye ncha wazi ya bomba linalolia na noti itashuka, kwa kuwa hewa ya mdomoni inapata ugumu wa kusogea na bomba linajifanya refu zaidi. Mafundi wa kinanda cha mabomba wanautumia mwenendo huu kwa makusudi: wanakunja kijibamba juu ya mdomo wa bomba, wakikifunika zaidi noti ishuke, wakikifungua ipande.

Kwa anayeweka spika yenye tundu la besi nyuma, au bomba lolote lililokwisha kuwekwa sawa, ukuta ulio karibu sana ni kijibamba hicho. Acha nafasi ya angalau vipenyo viwili vya mdomo, kisha upime tena masafa bomba likiwa mahali pake pa kudumu.